Eti miaka ya sekondari ndo raha ya maisha yote? Jibu kwa binti wa fomu faivu

Swali (nimelifupisha kidogo): "Shikamoo dokta. Nina miaka 17, niko fomu faivu PCB (fizikia, kemia na baiolojia), shule ya bweni ya serikali mkoa wa mbali na nyumbani. Naandika na simu ya dada maana tumefunga shule. Kila nikirudi likizo mjomba wangu ananiambia enjoi mwanangu, hii ndo miaka mitamu kuliko yote, ukimaliza shule ndo utajua hujui. Walimu nao paredi wanasema hivohivo. Sasa mi shuleni sina raha, usiku wakishazima taa nalia, marafiki zangu wa olevo wote wametawanyika. Je ni kweli hii ndo miaka yenye furaha kuliko yote? Maana kama raha yenyewe ndo hii, huko mbele kukoje?"

Marahaba mwanangu, na pole. Nakupa jibu kwanza maelezo baadae, maana najua simu ya dada inaweza kuchukuliwa muda wowote: hapana, si kweli. Kwa watu wengi miaka ya sekondari sio kilele cha furaha, na ukiangalia takwimu umri wako ndo uko karibu kabisa na sehemu ya chini, yani pale ambapo mtu anaridhika na maisha yake kidogo kuliko alivyokuwa mtoto na kidogo kuliko atakavyokuwa mbeleni. Kwa hiyo lile swali lako la mwisho, nimeliona, na nadhani ndo swali lenyewe linalokuliza usiku, tutalifikia.

Mwaka 2023 mwanasaikolojia wa Ujerumani anaitwa Susanne Bücker na wenzake walichapisha kazi moja kubwa sana, walichukua tafiti zilizofuatilia watu walewale mwaka hadi mwaka wakaziunganisha, jumla makundi 443 yenye watu zaidi ya 460,000. Walichokiona ni kwamba kuridhika na maisha kunashuka kuanzia miaka 9 mpaka 16, halafu kunaanza kupanda taratibu mpaka mtu anafika kama 70, ndo kunashuka tena uzeeni. Hapo kwenye 9 mpaka 16 parudie kusoma. Ndo darasa la tatu au la nne mpaka olevo inaisha. Hakuna kilele hapo, kuna mteremko.

Nisikudanganye lakini, kule kupanda baada ya 16 ni kidogo kidogo, sio kwamba ukifika 20 unaamka asubuhi unaimba. Na huo ni wastani, kuna watu kweli walikuwa na raha sekondari na Mungu awabariki. Tena tafiti za hivi nyingi zinafanyika Ulaya na Marekani, ambako mtoto wa miaka 16 anarudi nyumbani kwa mama yake kila jioni, hagombanii ndoo ya maji saa kumi na moja alfajiri. Ila sababu zinazofanya furaha ishuke umri huo hazina uraia: mwili unabadilika bila kukuomba ruhusa, unaanza kujilinganisha na kila mtu, masomo yanakuwa magumu, na unaanza kutoka mikononi mwa familia kabla hujapata watu wako wengine wa kukushika. Hayo yapo Ujerumani na yapo Songea.

Sasa mjomba. Mjomba hakudanganyi makusudi, na ningependa usimchukie kwa hilo. Anachofanya ni kusoma kumbukumbu zake, na kumbukumbu za binadamu zina tabia zake.

Tabia ya kwanza, tangu miaka ya 1980 wanasaikolojia wanajua kwamba ukimchukua mtu aliyevuka 40 ukamwambia nisimulie matukio ya maisha yako, rundo kubwa litatoka kati ya miaka 10 na 30, hasa ile ya ujana wenyewe. David Rubin na wenzake waliliandika hili vizuri mwaka 1986 na limerudiwa mara nyingi tu. Na ukifikiria inaleta maana, maana ule ndo umri wa mambo ya kwanza, mara ya kwanza kulala mbali na nyumbani, barua ya kwanza ya mapenzi, mara ya kwanza kufeli kitu ulichokitaka kweli, mara ya kwanza kugundua kwamba baba naye anakosea. Ubongo unahifadhi vya kwanza. Siku za ofisini za mjomba mwaka jana zote zimelala pamoja zinafanana, lakini ile siku walipotoroka kwenda disko la mjini ameihifadhi mpaka rangi ya shati. Kwa hiyo akigeuka nyuma anaona pale ndo pamejaa maisha na huku kwingine kweupe, basi anasema pale ndo kulikuwa na raha. Kumbe palikuwa na matukio tu. Mengine mabaya kabisa.

Tabia ya pili, kumbukumbu inafua nguo. Kuna utafiti wa mwaka 1997 wa Terence Mitchell na wenzake ambao mi naupenda sana, waliwafuatilia wanafunzi waliokwenda safari ya baiskeli ya wiki 3 huko California, wakawa wanawauliza kabla, katikati ya safari na baada. Katikati ya safari watu wanalalamika. Baada ya muda kidogo walewale wanaisifia safari kuliko walivyoisema wenyewe wakiwa juu ya baiskeli. Yale ya kukera yanafifia haraka, yale mazuri yanabaki, halafu unaambiwa "ilikuwa safari ya maisha yangu" na mtu ambaye ungemuuliza siku ile angekuomba nauli arudi kwao.

Kama huniamini we subiri siku mjomba akiacha simu mezani chungulia grupu lao la WhatsApp la waliomaliza wote (najua si adabu, basi usichungulie, muombe akusomee). Angalia wanachochekea. Uji uliokuwa na wadudu. Maharage mabovu. Mwalimu wa nidhamu aliyekuwa anajificha nyuma ya migomba. Kulala wawili wawili kitanda kimoja, kunguni, tranka kuvunjwa sukari ikaibiwa, adhabu ya kung'oa kisiki wiki nzima. Karibu kila kinachochekesha kwenye yale magrupu ni mateso. Yani watu wazima wamekaa wanakumbuka njaa na fimbo na wanafurahi kweli, kwa sababu yameisha, na waliyapitia pamoja, na wote wamepona. Wewe bado uko ndani ya maharage. Huwezi kuyacheka leo na hakuna mwenye haki ya kukutaka uyacheke.

Halafu kuna suala la mjomba yuko wapi sasa hivi. Mchumi mmoja anaitwa David Blanchflower amepiga hesabu za nchi zaidi ya 130, zikiwemo nyingi masikini, akasema watu wazima furaha yao inafika chini kabisa kwenye miaka 47 au 48 hivi halafu inapanda. Wataalamu wanamgombania sana huyu, maana utaona haifanani moja kwa moja na ile kazi ya Bücker, na ugomvi wao ni wa namna ya kupiga hesabu: yeye analinganisha watu wa umri tofauti na anatoa kwanza athari za vitu kama kipato na ndoa, wale wengine wanafuatilia mtu yuleyule akikua. Tena Blanchflower mwenyewe miaka ya karibuni amekuwa akisema kwamba ule mstari umeharibika upande wa vijana, vijana wa nchi nyingi siku hizi wana hali mbaya kuliko wa zamani. Sitaki kukuchosha na hayo. Ninachotaka uone ni kwamba mjomba wako, kama yuko kwenye arobaini na kitu, ana ada za watoto, ana wazazi wanaozeeka, kila mwezi kuna mchango wa harusi na wa msiba, goti linaanza kuuma, na akikuangalia wewe na begi lako anajiona yeye kabla ya hayo yote. Anaposema "enjoi" anajilalamikia mwenyewe. Wahenga wenyewe walisema ujana ni moshi, ukienda haurudi, na aliyeusema msemo huo nina hakika hakuwa kijana.

Na hili la mwisho kuhusu mjomba halafu tumuache. Wanaosifia miaka ya shule ni wale waliofika mwisho. Matokeo ya fomu foo ya mwaka 2012 yalipotoka mwanzoni mwa 2013, kabla hayajapangwa upya, zaidi ya nusu ya watahiniwa walikuwa na ziro, ni vijana zaidi ya laki mbili hao, wale huwasikii wakisema ile ndo miaka mitamu. Mpaka Novemba 2021 binti akipata mimba Tanzania alikuwa haruhusiwi kurudi shule ya kawaida ya serikali, naye mkimuuliza miaka yake ya sekondari atakusimulia kitu kingine. Na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliweka binti anaweza kuolewa na miaka 15 mzazi akikubali, Rebeca Gyumi akaipeleka mahakamani akashinda Mahakama Kuu 2016 na Mahakama ya Rufani 2019. Kwa hiyo "miaka ya shule ndo raha" ni hadithi ya waliobahatika kuwa nayo.

Lakini hapohapo ndo penye ukweli wa mjomba, na nisingekuwa mtaalamu wa maana nikiupita. Ukilinganisha na binti wa umri wako aliyeko kazi za ndani Dar, anaamka kabla ya wote analala baada ya wote, lile geti la shule yenu linakukinga na mengi. Hulipi kodi ya nyumba. Huamui nani ale nini leo. Advansi mmefutiwa ada tangu 2022. Na marafiki, hata kama huwapendi sana sasa hivi, wako hatua ishirini kutoka kitandani kwako, kitu ambacho mjomba hajakipata tena tangu amalize, sasa hivi kumuona rafiki yake mpaka wapange wiki mbili halafu mmoja anaghairi. Hicho ndo anachokimisi. Ila kukingwa ni kitu kimoja na kufurahi ni kingine, na mtu anaweza kushukuru kwa cha kwanza huku cha pili hana. Wakikwambia "mnasoma bure mnalalamika nini" we usibishane, jua tu wanajibu swali ambalo hujauliza.

Kwa nini basi unaumia hivi, na kwa nini hasa fomu faivu? Mi naona mambo mawili makubwa kwenye barua yako, na moja hujaliandika ila nalihisi.

La kwanza ni marafiki. Umekaa olevo miaka minne na watu wako, halafu posti zikatoka mkatawanywa nchi nzima, ukaingia shule mpya ukaitwa njuka, yani mgeni, watu wengine wamekuja wawili watatu kutoka shule moja tayari wana kikundi. London waliwahi kufanya utafiti na mchezo wa kompyuta, unarushiana mpira na wachezaji wengine wawili ambao huwaoni, halafu ghafla wanaacha kukurushia. Basi. Ni mpira wa kwenye skrini tu. Sarah-Jayne Blakemore na wenzake mwaka 2010 walionyesha kwamba wasichana wa miaka 11 mpaka 15, wadogo kwako kidogo tu, wanaumizwa na kitu hicho kuliko wanawake wazima, mudi inashuka zaidi. Ubongo wa umri wako umewekwa hivyo, unahesabu kila nani amekaa na nani mesi, nani amekusalimia nani kakupita. Mtu mzima akikwambia "achana nao, si watoto tu" anaongea na ubongo ambao haupo kichwani kwako bado. Kwa hiyo kulia kwa sababu huna mtu wa kukaa naye prepo sio udhaifu wala sio utoto.

Habari nzuri hapa ni kwamba huhitaji kuwa maarufu. Kuna profesa wa chuo kikuu cha Virginia, Joseph Allen, alifuatilia vijana 184 kuanzia miaka 13 mpaka 23. Wale waliokuwa wanajifanya wakubwa mapema, wenye mapenzi mapema, wanaochagua marafiki kwa urembo na kutafuta sifa kwa kuvunja sheria, walipofika 22, 23 kwa wastani walikuwa na shida zaidi, za pombe, za bangi, za kushindwa kukaa na watu. Na kwenye kazi nyingine ya timu hiyohiyo walikuta vijana waliokuwa na urafiki wa karibu wa kweli kwenye miaka 15, 16, hata kama hawajulikani shule nzima, walipofika 25 walikuwa na wasiwasi mdogo na walijithamini zaidi kuliko wale waliokuwa wanapendwa na wengi. Mmoja anatosha. Wawili ni utajiri. Na urafiki wa bwenini hauanzi kwa mazungumzo mazito, unaanza kwa vitu vya kipuuzi, kuchangia sabuni, kusukana Jumapili, kwenda kuchota maji pamoja, kumuomba mtu akueleweshe topiki ya kemia ambayo hata unaielewa. Tafuta ambaye naye amekuja peke yake, wapo, wanalia vitanda vingine na wewe huwasikii kwa sababu nao wanajibana. Na wale wa olevo usiwaache, waandikie barua ya karatasi, ndiyo, barua, shule nyingi za bweni simu ni marufuku lakini barua inafika.

La pili ambalo hujaandika ni usingizi. Ratiba za shule zenu nazijua, prepo inaisha saa nne usiku, ukishaoga na kupiga stori ni saa nne na nusu au tano, na wanasayansi mkikomaa na msuli mnaongeza saa zingine na tochi chini ya shuka, halafu kengele saa kumi na nusu. Hata ukilala saa nne na nusu kamili hayo ni masaa 6. Wataalamu wa usingizi wa Marekani wanapendekeza masaa 8 mpaka 10 kwa umri wa 13 mpaka 18. Na mbaya zaidi saa ya mwili wa kijana inasogea mbele, usingizi wenyewe unakuja umechelewa kuliko kwa mtu mzima, kwa hiyo ukilazwa mapema hulali na ukiamshwa alfajiri unaamshwa katikati ya usingizi mzito. Madaktari wa watoto wa Marekani mwaka 2014 walifika hadi kusema shule za sekondari zianze saa mbili na nusu asubuhi au baadae, we fikiria hiyo ukiipeleka kwenye kikao cha walimu kwetu! Mtu aliyekosa usingizi miezi mitatu mfululizo huzuni yake inakuwa nzito zaidi, kila kitu kinamuuma, na wazazi wanaokuja kwangu wanasema mtoto amebadilika tabia wakati mtoto kalala masaa 5 tangu Januari. Kwa hiyo agizo langu la kwanza, na nalisema hata kama haufurahii: acha kukesha. Msuli wa saa sita usiku unakupa maksi chache na kukunyima nyingi. Mchana wa Jumamosi na Jumapili lala, usione aibu, waache waende nje.

Kuna na hili la mudi kupanda na kushuka. Zamani kidogo wanasaikolojia wawili, Mihaly Csikszentmihalyi na Reed Larson, waliwapa vijana 75 wa sekondari karibu na Chicago vifaa vidogo vya kulia kama kengele, kikilia unaandika unafanya nini na unajisikiaje. Walikuta vijana wanaruka kutoka juu kabisa mpaka chini kabisa na kurudi kwa muda mfupi, haraka kuliko watu wazima, na raha yao kubwa ilikuwa wakiwa na marafiki, sio darasani. Nakwambia hivi ili ujue kwamba ile saa nne usiku unayolia inasema kweli kuhusu saa nne usiku. Haisemi kweli kuhusu maisha yako yote. Jaribu kuandika kwenye daftari wiki mbili tu, mara tatu kwa siku, neno moja moja, utaona kuna nusu saa za ahueni ambazo ukilala huzikumbuki, na utaona zinakuja ukiwa na nani na ukiwa wapi. Zifuate hizo.

Umetaja PCB ila hujasema kama uliipenda wewe au alichagua mtu. Nauliza kwa sababu nakutana na wengi waliopelekwa sayansi na ndoto ya udaktari ya baba, moyo uko kwenye HGL (historia, jiografia na kiingereza), na wanadhani wana ugonjwa wa huzuni kumbe wana kombi isiyo yao. Kama ndo hivyo ongea na mwalimu wa taaluma mapema, wiki ya kwanza mkifungua, maana uwezekano wa kubadilisha kombi unategemea nafasi na unapungua kila wiki inayopita. Kama PCB ni yako mwenyewe na ni ngumu tu, hiyo ni ngumu kwa kila mtu, fomu faivu muhula wa kwanza karibu wote wanapigwa na fizikia, hata wale wa divisheni wani.

Na kama kuna fimbo ndani ya hii stori, maana hukusema na mabinti wengi hawasemi, ujue kanuni za viboko za mwaka 2002 zinasema visizidi vinne, achape mkuu wa shule au mwalimu aliyempa ruhusa kwa maandishi, binti achapwe na mwalimu wa kike kama yupo, na iandikwe kwenye kitabu. Mi binafsi ningependa viishe kabisa. Lakini kinachozidi hapo sio nidhamu hata kwa sheria yenyewe, na akikuonea kiranja au fomu siksi eti kwa sababu we ni njuka, huyo hana kanuni yoyote inayomlinda, nenda kwa matroni, mwambie na mama.

Sasa naomba unisikilize vizuri hapa. Kulia kwa sababu ya upweke na shule mpya ni kitu cha kawaida na huwa kinapungua. Lakini kama ni wiki mbili au zaidi, karibu kila siku, huna hamu hata ya vitu ulivyokuwa unavipenda, huli au unakula kupitiliza, unaamka usiku wa manane usingizi hauji tena hata ukiwa na nafasi ya kulala, unajiona mzigo, au umeanza kuwaza kwamba bora usingekuwepo, hiyo inahitaji mtu mwenye utaalamu na sio ushauri wa kwenye simu. Shirika la Afya Duniani linasema katika kila vijana saba wa miaka 10 mpaka 19 mmoja ana tatizo la afya ya akili. Kwenye bweni la watu arobaini hiyo ni watano au sita hivi. Mwambie mama au dada sasa hivi mkiwa likizo, usisubiri kurudi shule, waende na wewe hospitali ya wilaya au ya mkoa muulizie huduma ya afya ya akili. Na kuna namba 116, ni simu ya bure ya huduma kwa mtoto Tanzania, we bado hujafika 18 kwa hiyo ni yako kabisa. Ukiwa shuleni muombe matroni simu. Kama una yale mawazo ya kutokuwepo, usifike nayo kesho, leo hii jioni mwambie dada mwenye simu.

Huko mbele kukoje? Mjomba anasema mtaani kuna moto na sitakwambia hakuna. Ukimaliza fomu siksi kuna JKT, kuna kusubiri posti za chuo, kuna bumu linachelewa, kuna kutafuta kazi na vyeti mkononi, na watu wa miaka 23 wanaokuja kuniona hawaji kwa sababu maisha ni matamu. Ila kuna kitu kinachobadilika ambacho watu wazima husahau kukitaja kwa sababu wameshakizoea. Unaanza kuchagua. Unachagua unakaa na nani, unalala saa ngapi, unakula nini hata kama ni chipsi kavu, ukiona mahali panakuumiza unaweza kuondoka. Sasa hivi mtu mwingine amekuchagulia mkoa, bweni, kitanda, saa ya kuamka na jirani wa kitanda, na ukiumia huna pa kwenda mpaka geti lifunguliwe. Nadhani sehemu kubwa ya kule kupanda kidogo kidogo baada ya 16 ni hiyo, ingawa Bücker hakusema hivyo, ni mimi nasema kwa ninayoyaona kazini. Na breki za ubongo, ile sehemu ya mbele inayotuliza hisia, inaendelea kukomaa mpaka katikati ya ishirini na kitu. Kwa hiyo matatizo yataongezeka ndiyo, na wewe wa kuyabeba utakuwa umeongezeka pia.

Mjomba akianza tena, na ataanza, usimwambie umesoma utafiti, ataona umekuwa mjeuri. Muulize swali moja: mjomba, siku ya kawaida tu, Jumanne saa nane mchana ukiwa fomu tuu, ulikuwa unajisikiaje? Sio siku ya mahafali wala siku ya mechi. Jumanne. Wengi huwa wanaanza kucheka, wanafikiria kidogo, halafu wanaanza kusimulia njaa, au mwalimu fulani wa hesabu, au barua ya nyumbani iliyokuwa haiji. Kwenye hiyo simulizi utapata mjomba wa kuongea naye kuhusu usiku wako, na mi ningependa umwambie yeye au mama kabla likizo haijaisha.